Gari Likila Mafuta: Ni Kompyuta au Ni Mlima?

Dereva atokaye Moshi mjini, akapita Himo na kufika lango la Marangu, hupanda kiasi cha mita 1,000. Ikiwa juma lililopita fundi alibadilisha programu ya kompyuta iongozayo injini yake ya dizeli, si ajabu akalalamika kwamba tangu siku hiyo gari linakula mafuta. Huenda asemalo ni kweli. Lakini kabla ya kuilaumu kompyuta, yafaa tuupime mlima kwanza.

Na tupige hesabu. Kuinua gari la tani 2, pamoja na abiria wake, mita 1,000 kwahitaji nishati ya megajuli zipatazo 20. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, lakini injini hugeuza yapata theluthi moja tu kuwa kazi. Iliyobaki hupotea kama joto. Kwa hiyo kupanda peke yake, mbali na kushindana na upepo na msuguano wa barabara, hugharimu zaidi ya lita 1 na nusu. Wakati wa kushuka, sehemu ya gharama hiyo hurudi, na sehemu nyingine huishia katika joto la breki.

Je, kompyuta nayo haina lawama? Injini ya dizeli hushindilia hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Katika joto kali, naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani huungana na kufanya oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu. Ili kuzipunguza, kompyuta hufungua vali irudishayo sehemu ya moshi ndani ya injini, na joto hushuka. Hapo masizi huongezeka. Katika magari yenye kichujio cha masizi, kichujio hujaa upesi zaidi, na mafuta ya ziada hutumika kuyateketeza.

Gharama hiyo ndiyo chanzo cha hila nyingi. Mnamo Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba programu katika magari ya dizeli ya Volkswagen ilitambua gari linapopimwa, ikausafisha moshi ipasavyo wakati huo tu. Duniani kote magari yapatayo milioni 11 yalihusika, na mengi yalipewa programu mpya.

Huku kwetu, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo hupunguza madhara, lakini haimfai mtu anayeziba vali au kung'oa kichujio ili aokoe mafuta. Akiba yake hulipwa na mapafu ya watoto waendao shule kando ya barabara.

Basi dereva afanyeje? Ajaze tangi pomoni, aandike kilomita, aende Marangu na kurudi akiwa na mzigo uleule, kisha ajaze tena katika kituo kilekile na kugawa kilomita kwa lita. Afanye hivyo mara tatu kabla ya programu kubadilishwa, na mara tatu baadaye. Tofauti ikidumu, amwendee fundi akiwa na tarakimu mkononi. Apimaye safari ya kupanda pekee amepima mlima, hajapima kompyuta.