Kompyuta Isiyowaka Ipimwe Kabla ya Kutupwa

Katika stoo za shule na ofisi, kompyuta kuukuu za mezani hurundikwa zikiwa zimepewa jina moja: mbovu. Jina hilo huficha mengi. Kompyuta ni vipuri vingi vilivyounganishwa, na kimoja kikifa vyote huonekana vimekufa. Anayeitupa yote hutupa pia vipuri vizima ambavyo vingeweza kuiamsha nyingine iliyo kando yake.

Mafundi wazoefu hawaanzi kwa kubahatisha. Huvitoa vipuri ndani ya kasha na kupanga mezani vile vichache tu ambavyo bila hivyo mashine haiwezi kuanza: ubao mama, kichakataji na feni yake, kipande kimoja cha ramu, na pawasaplai. Pawasaplai hiyo sharti iwe imethibitika kuwa nzima katika kompyuta nyingine, kwani kipimo kibovu hakipimi kitu. Ubao mama hulazwa juu ya boksi kavu la karatasi ngumu. Usilazwe juu ya chuma, wala juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa ambao wengi hudhani ni kinga. Upande wa nje wa mfuko huo waweza kupitisha umeme.

Kwa kuwa swichi imebaki kwenye kasha, fundi huunganisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, kwa nukta moja tu. Hapo masikio hufanya kazi kuliko macho. Ubao wenye spika ndogo ukiwashwa bila ramu, kwa kawaida hutoa milio ya kulalamika. Mlio huo ni habari njema: ubao na kichakataji vingali hai. Ramu ikirudishwa na malalamiko yakaendelea, hujaribiwa nafasi nyingine, kisha kipande kingine. Mara nyingi tatizo huwa ni uchafu kwenye meno ya ramu, unaotoka kwa kusuguliwa taratibu na kifutio cha penseli. Kukiwa kimya kabisa, shaka huhamia kwenye ubao au kichakataji. Kapasita zilizovimba vichwa ni sababu tosha ya kutoutegemea ubao huo. Kompyuta inayosahau tarehe kila inapochomolewa haina ugonjwa mkubwa: aghalabu inataka betri ndogo ya volti 3, aina ya CR2032.

Vipuri vingine huongezwa kimoja kimoja. Anayeongeza viwili kwa pamoja hatajua kipi kimekosa.

Waya wa umeme uchomolewe kabla ya kuingiza au kutoa kipuri chochote. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi wa umeme, kwani ndani yake waweza kubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kompyuta ya shule au zahanati ni mali ya umma. Mwalimu mkuu au mganga mfawidhi hana budi kuwasiliana na Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa, na kila kipuri kinachohamishwa kiandikwe kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Diski zenye taarifa za wanafunzi au wagonjwa zisitoke ofisini, hata zikiwa mbovu. Vilivyokufa kweli visichomwe moto ili kupata shaba: lehemu ya mbao kuukuu ina madini ya risasi, na moshi wa waya zake ni sumu.