Neno "Fundi" na Njia za Kuchunguza Usimamizi wa Ujenzi

Mwalimu wa elimu ya lugha ataulizwa, na ni haki aulizwe, ana haja gani na habari za saruji na nondo. Jawabu ni kwamba ugomvi uliowagawanya wataalamu wa usimamizi wa ujenzi katika miaka ya 1990 ulikuwa, katika shina lake, ugomvi juu ya maana: ni nani mwenye haki ya kueleza maana ya neno la mtu wa kazi.

Elimu hiyo ni changa. Mojawapo ya majarida yake makuu, Construction Management and Economics, lilianza kutolewa mwaka 1983. Wachunguzi wake wengi walikuja na desturi za uhandisi na za uchumi, yaani kupima na kuhesabu, na chombo walichokipenda kilikuwa karatasi ya maswali yenye vipimo vya daraja tano, ambavyo asili yake ni Rensis Likert, Mmarekani, mwaka 1932. Mwaka 1995 Seymour na Rooke waliandika katika jarida hilo kwamba mchunguzi apimaye mambo kwa maana zake mwenyewe hawezi kuufahamu utamaduni wa watu wa ujenzi, bali huzithibitisha kimyakimya fikira zile zile alizopaswa kuzichunguza. Mwaka 1997 Runeson aliwajibu kwa kuitetea njia ya sayansi ya kupima. Mwaka huo huo Raftery na wenzake walisihi kwamba njia moja isizitawale nyingine.

Basi tuulete ugomvi huo kwetu. Tuseme karatasi yauliza, "Upungufu wa mafundi huchelewesha kazi kwa kiasi gani?" Dar es Salaam fundi aweza kuwa mwashi wa kutwa, aweza kuwa seremala, tena aweza kuwa yule apatanaye na mwenye nyumba juu ya nyumba nzima, akatafuta vibarua wake na kuwalipa. Watatu hao wakijibu "sana", wamejibu maswali matatu, na wastani wa majibu yao si wastani wa kitu cho chote.

Neno "kuchelewa" lina hatari zaidi, maana halionekani kuwa na shaka. Mwenye nyumba anunuaye saruji kidogo kidogo kadiri apatavyo fedha, nyumba yake ikasimama kwenye linta miaka mitatu, hatasema imechelewa, atasema inangoja. Mchunguzi akimwandika miongoni mwa waliocheleweshwa, na sababu iliyopata alama nyingi ikawa upungufu wa mafundi, huenda fedha zikapelekwa kufunza waashi mahali ambapo waashi wapo, wamekaa bila kazi.

Hata hivyo sikubali kwamba hesabu iachwe. Mwenye kusikiliza tu naye hudanganyika: husikia apendalo, wala hana kipimo cha kumsahihisha. Hapo Runeson alikuwa na haki. Kosa naliona katika utaratibu. Mchunguzi aende kwanza penye kazi, amwombe nyapara amsimulie siku ya jana tangu asubuhi, ayaandike maneno yake kama yalivyosemwa, kisha amwulize kibarua habari za siku ile ile. Masimulizi hayo mawili yasipopatana, asiharakishe kuyapatanisha. Maswali ya karatasi yatoke humo, na kila "fundi" aandikwe ni fundi wa nini, na nani amlipaye.