Gari imejaa umeme lakini haitoki: juu ya nini wanalipisha kila dakika?

Ukiingia kwenye kabine ya kuchaji telefone mangaribi, utakuta hali ambayo kila mmoja wetu anaijua. Multiprize imejaa, hakuna hata tundu moja. Telefone moja inaonyesha 100 tangu saa nane ya mchana, lakini mwenyewe hajaonekana. Na hapo mlangoni mama mmoja amesimama, yake imezima, anangoja habari ya mgonjwa. Mwenye kabine anafanya nini? Anatoa ile iliyojaa, anaiweka pembeni na jina lake juu ya karatasi, kisha anaingiza ile ya mama. Shida imekwisha.

Sasa tuseme ile telefone iliyojaa ni gari. Huwezi kuibeba na kuiweka pembeni. Mwenyewe ameifunga na ameenda sokoni. Wengine wamepanga mstari nyuma, batri zao ziko karibu kuisha, na hakuna mtu anayeweza kufanya kitu. Hiyo ndiyo shida ambayo nchi zenye magari mengi ya umeme zinaishi nayo.

Tunaizungumza leo juu msikilizaji mmoja alituletea swali. Ndugu yake iko Ulaya, anaendesha taxi ya umeme. Siku moja aliacha gari kwenye kituo cha kuchaji, akaenda kula na kupumzika. Aliporudi, alikuta wamemkata feza kupita bei ya umeme. Msikilizaji aliuliza hivi: kama umeme ulikuwa umekwisha kuingia, ndugu yangu alilipa nini?

Malipo mawili, vitu viwili

Jibu fupi ni hili: alilipa fasi, hakulipa umeme.

Kwenye vituo vingi, mtu analipa kwanza umeme wenyewe. Unapimwa kwa kilowati-saa, sawa ile tunayonunua kwa cash power nyumbani. Gari ikijaa, hesabu hiyo inasimama. Lakini kama kamba ingali imeunganishwa na gari haijatoka, kwenye vituo vingine hesabu ya pili inaanza. Hiyo haipimwi kwa umeme, inapimwa kwa dakika. Ni malipo ya kukalia fasi ambayo mwingine anaihitaji.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni Tesla ya Marekani. Mwezi wa 12 mwaka 2016, mteja mmoja alilalamika kwenye mtandao kwamba kituo cha San Mateo, kule California, kinajaa kila mara, na watu wanaacha magari pale masaa mengi hata kisha kujaa. Mkubwa wa kampuni, Elon Musk, alimjibu kwamba ana haki, zile fasi ni za kuchaji, si parkingi. Siku chache tu baadaye sheria ikatoka: senti 40 za dola kwa kila dakika ambayo gari inabaki pale kisha kujaa. Ukiiondoa ndani ya dakika 5, hulipi kitu.

Tufanye hesabu. Mtu aliyechelewa nusu saa analipa dola 12. Kisha kampuni iliongeza bei: senti 50 kwa dakika, na dola 1 nzima kwa dakika kama kituo kimejaa kabisa. Saa moja ya kuchelewa kwenye kituo kilichojaa inakuwa dola 60. Lakini kama kituo hakijafika nusu, mtu halipi chochote, juu hakuna anayesumbuliwa. Tena kampuni ilisema wazi kwamba haitaki kupata faida kwenye malipo haya. Inataka magari yatoke.

Makampuni mengine yalifuata, kila moja na namna yake. Electrify America, kule kule Marekani, inaacha dakika 10, kisha inalipisha senti 40 kwa dakika. Ujerumani, kampuni EnBW haiangalii kama batri imejaa ama haijajaa. Inaangalia saa: ukipita masaa 4 kwenye mashine, unaanza kulipa senti 10 za euro kwa dakika, na haiwezi kupita euro 12.

Juu ya nini usingoje mpaka 100?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Batri ya gari haijai kwa mwendo mmoja. Fikiria unajaza bidoni kwenye robine. Mwanzo unafungua yote, maji yanaingia kwa nguvu. Yakikaribia mdomo, unapunguza, juu bila hivyo yatamwagika. Gari nayo ni hivyo. Kwenye mashine za nguvu, gari nyingi zinatoka 10 mpaka 80 kwa mia ndani ya nusu saa hivi. Lakini ile 20 ya mwisho inaweza kuchukua wakati karibu sawa na ile yote ya kwanza, maana gari yenyewe inapunguza umeme ili batri isipate joto na isiharibike.

Kwa hiyo mtu anayengoja mpaka 100 wakati wengine wamesimama nyuma yake, anakalia fasi kwa faida kidogo. Ndiyo maana mwaka 2023 Tesla iliongeza malipo mengine kwenye vituo fulani vya Marekani: kituo kikijaa, mwenye batri iliyopita kiwango fulani analipa kwa dakika hata kama umeme ungali unaingia.

Waholanzi wana neno kwa mtu wa namna hii. Wanamwita laadpaalklever, maana yake mtu aliyejibandika kwenye mashine ya kuchaji sawa na gundi. Neno lenyewe si la kumsifu mtu.

Lakini je, ni haki?

Hapa maneno yanakuwa magumu. Kule Ujerumani mteja mmoja alikataa. Alikuwa amelipishwa mara kadhaa, jumla karibu euro 20, akapeleka kampuni mbele ya tribinali ya Karlsruhe kuomba feza yake irudishwe. Mwezi wa kwanza 2024 tribinali ilimwambia hapana. Masaa 4 ni wakati wa kutosha, na wateja wengine pia wana haki ya kupata mashine.

Hata hivyo, lalamiko la watu halikuisha. Angalia mwenyewe nani analipa. Mtu mwenye nyumba yake na uwanja wake anachaji nyumbani usiku, hakuna anayemhesabia dakika. Mpangaji wa ghorofa ya tano, ama dereva wa taxi anayelala katika chumba kimoja, hana pa kuunganisha kamba. Yeye ndiye anayetegemea mashine ya barabarani. Gari ikijaa saa nane ya usiku, je, aamke, avae, ashuke kuihamisha kwenye barafu? Na akiihamisha, ataipeleka wapi kama mtaa wote umejaa magari?

Juu ya hiyo, kuna makampuni yaliyoamua kwamba usiku hayalipishi kwenye mashine za polepole za mitaani. Hapo wameelewa kitu: usiku ni watu kidogo wanaongoja, na mashine ya polepole inaomba masaa mengi. Kumlipisha mtu aliyelala ni kama kumkata mama feza kwa sababu bidoni yake ilibaki kwenye robine saa ambayo hakuna mtu mwingine anayechota.

Ukiweka mifano hii pamoja, unaona malipo yanakubalika pale ambapo mambo matatu yako. La kwanza, bei imeandikwa wazi mbele ya mtu kuunganisha kamba, wala si kisha. La pili, mtu anapewa habari kwenye telefone kwamba gari inakaribia kujaa, na anapewa dakika za kurudi. La tatu, analipishwa wakati kuna watu wanaongoja kweli, ama kunaweza kuwa na watu wanaongoja. Likikosekana hata moja, watu wanaona ni wizi.

Na sisi?

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Wazungu, sisi hata umeme wa kuwasha taa haututoshi. Ni kweli. Lakini tusisahau kwamba zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, zaidi kule Lualaba na Haut-Katanga. Magari yote ya umeme hayatumii kobalti, kuna batri ambazo hazina hata gramu moja. Lakini nyingi zinaitumia, na jasho la watu wetu limo ndani.

Tena jambo hili liko karibu kuliko tunavyofikiri. Vuka mpaka, nenda Kigali. Pikipiki za umeme zinabeba abiria kila siku. Kule wamotari wengi hawangoji batri ijae. Motari anafika kwenye kituo, anatoa batri iliyokwisha, anapewa nyingine iliyojaa, anaondoka ndani ya dakika chache. Batri ndiyo inabaki kungoja, si motari wala chombo chake. Kwa njia hiyo shida ya kukalia fasi imepungua sana bila kulipisha mtu kwa dakika. Siku pikipiki hizo zitakapoingia kwetu kwa wingi, wanaozileta na chama cha wamotari watapaswa kuchagua: tunabadilisha batri, ama tunapanga mstari kwenye mashine? Ni vizuri kuulizana mapema, mbele ya ugomvi wa kwanza.

Na tayari tuko na vituo vyetu: kabine za kuchaji, robine za mtaa, mashine za kusaga unga. Kila pahali ambapo kitu ni kimoja na watu ni wengi, mwenye kumaliza anapaswa kutoka. Lakini anayetunga kanuni naye anapaswa kuibandika mlangoni, kila mtu aisome mbele ya kuacha kitu chake.

Turudie kwa ndugu wa msikilizaji wetu. Tulimwambia amtumie ujumbe huu. Mbele ya kuunganisha kamba, aangalie kwenye programu ya kampuni bei ya dakika na saa inapoanza. Afungue ujumbe wa kuonya, na asizime sauti ya telefone wakati anakula. Akiona wengine wanangoja, atoke kwenye 80, ile iliyobaki ataipata kwa utulivu kwenye mashine ya polepole. Na kama bei haikuwa imeandikwa fasi yoyote, aandike malalamiko kwa kampuni, aambatanishe picha. Hapo iko na haki ya kuuliza feza yake.