Kitabu Kimoja, Majina Mawili

Mwaka 1946 riwaya ya Albert Camus, L'Étranger, iliingia katika Kiingereza kwa mkono wa Stuart Gilbert, na tafsiri hiyo moja ikapewa majina mawili. Marekani, wachapishaji Knopf waliiita The Stranger. Hamish Hamilton wa London wakaiita The Outsider, maana jina la kwanza lilikwisha kuchukuliwa na riwaya nyingine, iliyotoka Poland. Sababu ilikuwa ya kibiashara tu, lakini Mmarekani akakutana na mtu asiyejulikana, na Mwingereza na mtu aliyewekwa kando. (Sisi tungekuwa na taabu yetu: mgeni wa Kiswahili hukaribishwa.)

Ndiyo maana anayekusanya tafsiri za awali za udhanaishi (existentialism) hakusanyi karatasi kuukuu tu. Anakusanya ushahidi wa namna fikra zilivyowafikia watu. Mhadhara wa mwanafalsafa Jean-Paul Sartre wa 1945 ulichapishwa New York mwaka 1947 kwa jina fupi, Existentialism. Mwaka uliofuata ukatoka London katika tafsiri nyingine, Existentialism and Humanism. Sartre alikuwa akijitetea kwamba falsafa yake inaujali utu, na jalada la New York likaiacha hoja hiyo nje. Kitabu chake kikuu, L'Être et le Néant cha 1943, kilikuja baadaye sana, mwaka 1956, kwa kazi ya Hazel Barnes. Kwa karibu muongo mzima, basi, asiyejua Kifaransa alimhukumu mwanafalsafa huyu hasa kwa riwaya, tamthilia na mhadhara mmoja.

Wapo watakaosema tafsiri mpya ni bora, na ni kweli. H. M. Parshley, mtaalamu wa zoolojia, alikata sehemu nyingi za Le Deuxième Sexe cha Simone de Beauvoir alipokitafsiri mwaka 1953. Tafsiri kamili ilingoja hadi 2009. Anayetaka kumwelewa Beauvoir asome hiyo ya 2009. Lakini anayetaka kujua wasomaji wa Kiingereza walibishana na Beauvoir yupi kwa zaidi ya miaka 50, hana budi kumfungua Parshley. Bei nayo isimtishe mtu: kinachopandisha gharama hasa ni uchapaji wa kwanza na lile gamba la karatasi linalovikwa jalada. Nakala ya uchapaji wa baadaye, iliyochakaa, ina maneno yale yale. Katika nakala kama hiyo ya The Stranger utaona Gilbert alivyoligeuza neno la Camus, Maman, kuwa Mother, neno la mtu mzima aliyejitenga kidogo. Matthew Ward, katika tafsiri yake ya mwaka 1988, alilirudisha la Kifaransa. Mtafsiri wa Kiswahili angeandika mama, akaendelea na sentensi.