Kompyuta ya Gemu: Anza na Kioo, Si Prosesa

Ukiunda kompyuta ya gemu kwa fedha za kuhesabu, chagua kioo kwanza. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na gemu ya picha 60 kwa sekunde huzichora upya zote mara 60. Kazi hiyo ni ya kadi ya grafiki, ndiyo maana inastahili fungu nono. Wapo watakaosema prosesa dhaifu huichelewesha kadi. Ni kweli, hasa kwenye gemu za vita zenye askari mamia kwa mamia, ila prosesa ya daraja la kati huwatosha wengi. Taa za rangirangi zisubiri. Pasipofaa kubana ni pawa saplai: ya bei chee ikiungua, yaweza kuondoka na kadi yenyewe.