Barua Zisikwame Njiani
Akina mama wenzetu, mwaka 1871 Stanley alikuta barua za Livingstone zimekwama Kwihara, karibu na Tabora. Alimfikishia Ujiji takribani mwaka mmoja tangu zitumwe kutoka Unguja.

Leo barua pepe kwa mtoto aliye chuoni hufika mara moja. Lakini nayo hukwama tukisahau neno la siri. Tunapofungua anwani, tusajili namba ya simu tunayoitumia daima, ili tukisahau tusaidike. Neno la siri tuliandike katika daftari la kufungia kabatini. Kwenye kompyuta ya dukani, tusikubali lihifadhiwe. Tufunge akaunti kabla ya kuinuka. Ya nyumbani, tuondoe programu tusizozitumia, wala tusiweke tusizojua zimetoka wapi. Hapo mwana akituandikia shida yake, tutaisoma mapema.