Hospitali Huokoa Uhai, Akili Hulelewa Nyumbani

Mtoto aliyelazwa kwa malaria kali katika Hospitali ya Rufaa ya Jinja, nchini Uganda, akifumbua macho na kuomba uji, jamaa humshukuru Mungu na kujiandaa kurudi kwao. Wana haki ya kufurahi. Lakini mtoto huyo bado anahitaji matunzo, na sehemu kubwa ya matunzo hayo itatoka kwa watu anaoishi nao.

Malaria inapopanda kichwani, chembe za damu zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo ya ubongo. Oksijeni hupungua, mtoto akapata degedege au kupoteza fahamu. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, jijini Kampala, na mtafiti Chandy John na wenzake, ukachapishwa 2008, uliwapima watoto miaka miwili baada ya kuugua. Takriban 26 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Miongoni mwa watoto wa mitaa yao ambao hawakuugua, walikuwa kama 8 tu. Tafiti zilizofuata zilihusisha pia watoto waliotibiwa Jinja.

Si malaria pekee inayodhuru ubongo. Mjini Mbale, hospitali ya watoto ya CURE hupokea watoto wachanga ambao vichwa vyao vinakua kupita kiasi kwa sababu maji yamejaa ndani ya ubongo. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Hapo ndipo daktari Benjamin Warf alipoendeleza upasuaji unaoyafungulia maji njia humo humo ndani, ili mtoto asiishi akitegemea mrija wa kuyatoa.

Baada ya dawa na upasuaji, ubongo mchanga hukua kwa kutumika. Mtoto ananyoosha kidole, mlezi anakitaja kile kitu. Mtoto anatoa sauti, mlezi anamjibu. Wilayani Kayunga, ng'ambo ya Nile, walezi wa watoto wadogo wanaoishi na virusi vya UKIMWI walifundishwa kwa mwaka mzima kufanya hivyo katikati ya shughuli zao za kila siku. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa uwezo wa akili wa watoto hao uliongezeka. Walezi hawakuhitaji vifaa vya kununua. Kumenya matoke, kuchambua maharage na kufua nguo vilitosha kuwa somo.

Hata hivyo, mlezi aliyelemewa na huzuni hushindwa kucheza. Huko Lira, vikundi vya wazazi vilikutana mara 12, wakajifunza michezo, mazungumzo, lishe, usafi, na upendo na heshima ndani ya nyumba. Utafiti wa 2015 uliona watoto wakipiga hatua katika akili na lugha, na dalili za sonona zikipungua kwa mama zao.

Kwa hiyo kikundi cha wazazi kijijini ni huduma ya afya. Kimkaribishe msichana aliyepata mimba akiwa shuleni, bila kumsimanga, na kaka na dada wakubwa wanaobeba wadogo zao mchana kutwa. Baba naye azungumze na mtoto tangu uchanga. Na mtoto aliyewahi kuugua malaria kali akianza kusahau mno, kutosikia vizuri, kupoteza maneno au kuanguka degedege, arudishwe hospitali mapema. Asichapwe kwa uvivu ambao hana.